Kufunga bodi ya Peugeot 404 kwenye fremu ya kuzungusha

Mpenda404: Wakuu, nimeshatoa injini, giaboksi, difu na vioo vyote. Nataka kuifunga bodi kwenye fremu ya kuzungusha, ile inayoigeuza kama mshikaki, nichomelee sakafu bila cheche kunidondokea shingoni. Nifunge wapi? Vizingiti vya milango vimeoza, nikigusa kwa bisibisi inazama.

FundiBodi: Ngoja kwanza mkuu! 404 haina chesisi ya peke yake, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ukiinua na vizingiti vibovu, itajikunja katikati. Milango ikiwa bado imefungwa, pima nafasi zake pande zote, uandike. Kisha itoe, uchomelee bomba la mraba kukatiza kila uwazi, na jingine kutoka kushoto hadi kulia. Ndipo ufunge kwenye matundu ya bolti za bampa, ukishagonga bati lake kwa nyundo ndogo. Likitoa sauti ya kufa, hapo pana kutu ndani.

Mpenda404: Asante sana. Na mhimili ambao bodi inauzunguka ukae juu kiasi gani?

MamaGereji: Mimi niliuweka chini mno. Nilipochomoa pini inayoizuia fremu isizunguke, bodi ikajipindua yenyewe, ikapita karibu kabisa na mkono wangu. Bado nikikumbuka nasisimka. Pandisha mhimili kidogo kidogo mpaka bodi itulie kwenye pembe yoyote unayoiacha. Ukikata sakafu, sawazisha upya, maana uzito umeshahama. Na kaka, usichomoe pini ukiwa peke yako.