MREJESHO: Madigadi ya faiba ya Subaru ya rali

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini madigadi inang'ang'ania kwenye kalibu na jelkoti (tabaka la nje lenye rangi, linalopakwa kwanza kwenye kalibu) inakunjamana kama ngozi ya mamba.

Aliyesema jelkoti ni nyembamba mno alipatia: ikiwa nyembamba haikauki sawasawa, resini ya juu inaila na kuikunja. Sasa naipaka mikono miwili, jumla karibu nusu milimita, na mkeka wa faiba unasubiri hadi jelkoti inate kidogo bila kuacha rangi kidoleni. Hadena (dawa ya kugandisha resini) imeshuka kutoka asilimia 2 hadi 1.5 kwa uzito. Kwa joto la Dar mchana, 2 inagandia koponi. Kalibu napaka nta mara sita, kisha PVA (utando wa kuzuia kushikana). Madigadi imebanduka kwa kabari za plastiki na maji tu, nyundo haikuguswa.

Kilichogoma ni ukingo wa tao la tairi: bado una viputo vya hewa. Kujaza kona kwa resini yenye faiba iliyokatwakatwa kumepunguza, hakujamaliza. Hapo mkeka wa gramu 300 kwa mita ya mraba uliochanwa kwa mkono unalala vizuri kuliko wa 450 uliokatwa kwa mkasi.

Ule ushauri wa kuongeza asetoni kwenye resini msijaribu, kipande kinabaki laini.