Naomba ushauri: mchoro ukikuzwa unapoteza uzuri

Habari zenu wakuu. Natengeneza hereni za shaba kwa mkono. Michoro naichorea kwenye daftari, midogo ya sentimita 2, na hapo inapendeza kweli. Shida ni kuikuza.

Juzi nilikuza jani hadi sentimita 6 kwa mashine ya fotokopi, nikabandika karatasi juu ya bati na kukata kwa msumeno. Urefu na upana mara 3, uzito mara 9! Hereni inavuta sikio, na mishipa ya jani imeachana, katikati patupu. Bati jembamba nalo linapinda.

Mafundi wazoefu, mnachora upya kwa kipimo kamili au mnatoboa matundu kupunguza uzito? Waya wa mishipa niunenepeshe kiasi gani? Ni oda ya bibi harusi, sitaki kumwangusha.