Naomba ushauri: Dar hadi Tukuyu kwa gari binafsi, mara yangu ya kwanza, nikiwa na mama na watoto

Binti_Rungwe

Wakuu, habari za majukumu.

Nina leseni ya miezi tisa. Gari ni Toyota Noah ya mtumba, otomatiki, nimelinunua mwezi wa tano. Desemba nataka kumpeleka mama nyumbani Tukuyu pamoja na wanangu wawili, wa miaka 7 na 3. Nilipanga kutoka Dar saa tisa usiku ili jioni tuwe tumefika. Mjini naendesha vizuri, foleni ya Ubungo nimeshaizoea, ila safari ndefu sijawahi.

Kilichonitia hofu ni hiki. Wiki mbili zilizopita nilikwenda msibani Chalinze, nikarudi usiku na mama. Kabla ya kufika Mlandizi nikapishana na basi limewasha fulu. Kwa sekunde kadhaa sikuona kitu, na mguu wangu haukutoka kwenye mafuta. Macho yaliporudi niliona matawi ya mti yamewekwa barabarani, halafu hapo hapo mgongo wa lori, halina hata taa moja. Nikakata usukani kulia. Namshukuru Mungu nyuma ya lile basi hapakuwa na gari lingine. Nilisimama mbele kidogo, miguu inatetemeka. Mama alikuwa amelala, hajui mpaka leo.

Naomba mnieleze, nini hasa kinachoua watu kwenye barabara ile, na mimi nifanyeje? Kama jibu ni kupanda basi, niambieni tu.

Mzee_wa_Tunduma

Pole sana binti yangu. Nimeendesha malori njia hiyo miaka 19, nitakwambia ninayoyajua.

Tuanze na hayo matawi. Lori likiharibika, utingo anakata matawi anayapanga nyuma ya gari, hatua kadhaa kutoka pale. Ukiona majani mabichi juu ya lami, toa mguu kwenye mafuta hapo hapo, usisubiri mpaka ulione gari lenyewe. Ukienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde unakula mita 22. Wewe ulikuwa kipofu sekunde ngapi? Zidisha. Taa zikikuchoma, usizitazame. Peleka macho kwenye mstari wa pembeni kushoto, punguza mwendo mpaka uone tena. Na usiku nenda mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya mwanga wa taa zako mwenyewe. Wengi tunakimbilia giza tukiamini kwamba mbele pako wazi.

Jambo la pili ni kupita gari la mbele. Kwa macho yangu, hapa ndipo nilipoona maiti nyingi kuliko mahali pengine popote. Barabara ni ya njia moja kwenda, moja kurudi, malori yamejipanga, nyuma yake mtu ana haraka. Sisi wa malori tuna lugha yetu: tukiwasha indiketa ya kushoto tunakwambia pita, ya kulia tunakwambia usipite, kuna gari linakuja. Iheshimu, lakini usimkabidhi mtu maisha ya watoto wako. Huenda anayewasha kulia anakata kona kweli. Huenda aliyewasha kushoto amepima kwa nguvu ya gari lingine, si lako lenye watu na mizigo. Kama huoni mwisho wa njia kwa macho yako, kaa nyuma. Kwenye kona, kileleni mwa mlima na penye mstari usiokatika usijaribu kabisa. Na usigande mkiani mwa lori, hapo huoni kitu. Gari la mbele likipita nguzo, hesabu polepole moja, mbili, tatu. Ukiifikia nguzo kabla ya tatu, umesogea mno.

Kijana_wa_Mbezi

Ajali haina kinga. Watu wanafia hata vitandani. Omba Mungu, washa gari, nenda.

Mama_Pendo

@Kijana_wa_Mbezi, tafadhali. Kaka yangu alifariki barabara hiyo hiyo, na tulimwombea sana. Alikuwa ameendesha tangu usiku bila kupumzika, akasinzia mchana kweupe, saa nane, baada ya kula. Gari lilitoka barabarani taratibu, halikuacha hata alama ya breki. Sitakaa kimya nikisikia hiyo ni kazi ya Mungu.

Mdogo wangu Binti_Rungwe, huo mpango wa saa tisa usiku uache. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, bado Tukuyu. Hata ukipata wastani wa kilomita 60 kwa saa, ni zaidi ya saa 13 za usukani bila kusimama, na wewe ni dereva peke yako. Usiku ule ungekuwa hujalala, unafunga mizigo. Tena tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, usidhani njia ni tupu saa hizo. Lala vizuri Dar, toka alfajiri kukipambazuka, lala Iringa, kesho yake umalizie. Ukianza kupiga miayo, au ukashtuka hukumbuki kijiji ulichokipita, tafuta mahali salama usimame, ulale hata dakika 20. Kufungua kioo na kupandisha muziki hakuondoi usingizi. Na dawa za mafua soma kwanza karatasi yake, nyingine zinalaza.

Watoto wakae nyuma na mikanda, huyo wa miaka 3 mtafutie kiti chake. Asipakatwe. Gari likigonga, hakuna bibi mwenye mikono ya kumshika. Mama naye afunge, hata akisema unambana.

Fundi_Matairi_Tabata

Dada, kabla ya yote lala chini uangalie matairi. Ubavuni kuna maandishi ya DOT, mwishoni tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Magari mengi ya mtumba yanakuja na tairi lenye kashata nzuri kabisa lakini mpira umeshazeeka, ubavuni una nyufa kama ngozi ya kisigino. Hilo kwa joto la Desemba, mzigo na mwendo, linapasuka. Likipasuka usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta, gari lipungue lenyewe.

Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi, kipimo kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Breki zifunguliwe zionekane, usikubali fundi akwambie tu ziko poa.

Mnyalu_Mafinga

Nyongeza fupi. Mikumi utapita ndani ya hifadhi kama kilomita 50, fuata vibao, twiga hajui kusubiri. Na huku kwetu Desemba ni mvua na ukungu, kuanzia Mafinga na hasa Uyole kushuka Kiwira. Washa taa, ongeza nafasi. Simu iweke kwa mama.

Binti_Rungwe

MREJESHO: Ndaga fijo, asanteni sana wote. Mama_Pendo, pole kwa kaka yako, nimekusoma nikalia.

Nimekwenda kwa fundi nikiwa na tochi ya simu. Matairi mawili ya nyuma yameandikwa 2214. Yaani wiki ya 22 mwaka 2014, na kwa macho yalionekana mapya! Nimebadilisha yote manne. Tutatoka saa kumi na mbili asubuhi, tutalala Iringa kwa shangazi. Kiti cha mtoto nimepata. Mama nimemweleza habari ya lile lori, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza mkanda wa nyuma unafungwaje.

Swali la mwisho: anataka wakati wa kurudi tununue gunia la vitunguu Ilula. Kuna shida?

Mzee_wa_Tunduma

Mwambie mama avumilie kidogo. Kwenda, mlima wa Kitonga unaupanda. Kurudi ndiyo unashuka, na Ilula iko juu ya mlima. Shuka kwanza, gari likiwa jepesi. Kabla mteremko haujaanza toa gia kwenye D, weka ya chini, 2 au L, injini ishike gari. Ukikaa mguu juu ya breki mlima mzima zinapata moto, utasikia harufu, halafu unakanyaga hupati kitu. Usiweke nyutro hata mtu akikwambia inaokoa mafuta. Lori likikujia kasi kwa nyuma, lipishe.

Chini kabisa ni Ruaha Mbuyuni, vitunguu vimejaa kando ya barabara. Anunue hapo.