Chama cha marubani: tunalipa ada ya nini?

Mrusha208: Wakuu, nimerudi Dar na leseni ya biashara ya Marekani, saa 260 za kuruka, natafuta kazi ya kurusha Caravan, zile ndege ndogo za injini moja. Nimeuliza chama chetu: ili nipate leseni ya hapa, nianze na mtihani wa sheria za anga au cheti cha afya? Barua pepe ikasema mtihani. Simu ikasema bila cheti cha daraja la kwanza hata faili halifunguliwi. Mwisho nikatumiwa waraka wa kurasa nne, jibu liko mstari wa mwisho: "mwanachama afuate taratibu husika." Jamani, hizo taratibu husika ndizo nilizoulizia!

Nahodha_Mstaafu: Chama si Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hakitoi leseni. Na waraka uko wazi kwa anayejua Kiingereza.

Mrusha208: Kiingereza cha marubani nimepimwa kiwango cha 6, cha juu kabisa, mzee, hakirudiwi mpaka naingia kaburini. Wenye cha 4 ndio wanarudi kwenye mtihani kila miaka 3.

Nahodha_Mstaafu: Kiwango cha 4 ndicho cha chini ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inachotaka, kijana. Nina saa 9,000, wewe 260 za kuzunguka uwanja mmoja. Leseni yenyewe ya Marekani haina hata tarehe ya kuisha, mkufunzi akikupitia kila miezi 24 basi.

Bi_Ruvu: Tumeshatoka njiani. Ila Kiingereza si utani, kuna ile ajali ya India, ndege mbili ziligongana angani miaka ya 80, kisa lugha.

Kishada: 1996, dada. Charkhi Dadri, walikufa watu 349. Ndege ya Kazakhstan, Il-76, ilipewa kimo cha futi 15,000, ikashuka chini ya hapo ikakutana na ya Saudia iliyokuwa 14,000. Lugha ilichangia.

Bi_Ruvu: Haya, 1996. Na Tenerife 1977, ndege mbili ziligongana uwanjani, wakafa watu 583? Nahodha wa mojawapo, ya KLM ya Uholanzi, alikuwa mkufunzi, saa anazo kibao. Zilimsaidia nini?

Nahodha_Mstaafu: Unanifananisha mimi na yule?

Bi_Ruvu: Sijataja mtu. Kofia ikikutosha, vaa.

MzeeWaWilson: Poleni majirani. Huku Nairobi pia ukiuliza watu watatu unapata majibu manne, na wa nne hukumuuliza.

Nahodha_Mstaafu: Mimi nimejitolea chama hiki bila posho. Waraka ule niliuandika usiku, mke wangu shahidi.

Mrusha208: Kumbe ni wewe!

Kishada: 😂😂 Mrusha, nenda kwa daktari kwanza. Jamaa yangu alilipia mtihani, akafaulu, macho yakamkwamisha. Hela haikurudi.

Mrusha208: Asante kaka. Sentensi mbili tu, hazijafika kurasa nne.

Nahodha_Mstaafu: Na nani kasema mimi nina kiwango cha 4? Nina cha 5.

Mrusha208: Cha 5 nacho kinaisha, mzee. Miaka 6.