Mjadala: Je, ukungu wa sauti uhesabiwe kuwa sifa ya albamu au kasoro yake?

Wanajamvi, naleta mada ambayo huzuka kila inapotoka albamu ya roki ya indi (roki ya wasanii walio nje ya kampuni kubwa za muziki) yenye sauti za kindoto, iliyorekodiwa kwa mtindo wa lo-fai, yaani kwa vifaa hafifu, mvumo wa kanda ukiachwa usikike na maneno ya mwimbaji yakimezwa na mwangwi wa magitaa. Wahakiki hugawanyika mapema. Wapo wanaosifu ukaribu na unyofu wa kazi iliyofanyiwa chumbani, na wapo wanaosema kwamba msanii amejificha ndani ya ukungu kwa kuwa nyimbo zenyewe hana. Ninavyoona mimi, pande zote mbili huishia kuhakiki chumba kilichorekodiwa albamu badala ya albamu yenyewe, ilhali la kuuliza ni kazi gani ukungu huo unaifanya ndani ya wimbo.

Dhana ya kwamba sauti hafifu ni alama ya ufukara ilipaswa kufa tangu mwaka 1982, mwanamuziki maarufu wa roki wa Marekani Bruce Springsteen alipotoa albamu ya Nebraska. Nyimbo zile alizirekodi nyumbani New Jersey kwa kinasa sauti cha kaseti chenye njia nne, akikusudia ziwe rasimu tu za bendi yake. Bendi ikazijaribu studioni, matokeo hayakumridhisha, na hatimaye kaseti ile ile ndiyo iliyokuwa albamu. Nebraska si kazi ya kindoto, nakiri, lakini mwenye kuitoa hakukosa pesa wala studio.

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu ni albamu ya Twin Fantasy ya Car Seat Headrest, jina la kisanii ambalo Will Toledo alianza kulitumia akiwa peke yake. Mwaka 2011 Toledo, akiwa bado kijana mdogo, aliitoa mwenyewe kupitia Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao moja kwa moja, sauti yake ikiwa imezama chini ya magitaa yenye mkwaruzo kiasi cha kumlazimu msikilizaji kukisia baadhi ya maneno. Mwaka 2018, sasa akiwa na bendi kamili na kampuni ya Matador, aliirekodi upya yote. Ni nadra mhakiki kupewa nyimbo zile zile mara mbili, moja ikiwa na ukungu na nyingine ikiwa imesafishwa. Katika toleo la pili ngoma zina uzito, mashairi yanasikika, na wimbo mrefu kama Beach Life-in-Death, unaozidi dakika 12, unaonyesha wazi jinsi sehemu zake zilivyoungwa. Hivyo basi, dai la kwamba ukungu ulifunika utupu halina mashiko hapo. Hata hivyo, wapo wasikilizaji wanaoshikilia toleo la kwanza, nami siwalaumu, kwa sababu kule kutega sikio ili kumpata mtu anayesita kusikika ni sehemu ya maana ya nyimbo zile, na usafi wa 2018 umeiondoa. Kwangu mimi nyimbo ndefu zimefaidika, nyingine chache zimepungukiwa.

Wanaotaka wahakiki wawe wakali wana hoja moja nzito: mvumo wa kanda siku hizi huongezwa kwa programu ya kompyuta, kwa hiyo hauthibitishi unyofu wa mtu yeyote. Hilo nalikubali bila ubishi. Lakini ukali nao una historia yake. Souvlaki, albamu ya bendi ya Slowdive, iliyotoka Uingereza mwaka 1993, ilikuwa kazi ya studio, si lo-fai, ila ilishtakiwa kwa kosa lile lile la ukungu. Mhakiki wa Melody Maker, gazeti la muziki la Uingereza, aliandika kwamba afadhali azame na kusongwa katika bafu lililojaa uji kuliko kuisikiliza tena. Mwaka 1995 kampuni ya Creation iliachana na kundi hilo. Lilipoungana tena mwaka 2014, albamu ile ile ilikuwa imeshahesabiwa miongoni mwa nguzo za fani yake, bila noti hata moja kubadilishwa. Kilichobadilika ni masikio ya magazeti, ambayo mwaka 1993 yalikuwa yamegeukia granji, roki nzito yenye mkwaruzo ya Marekani, na bendi mpya za Kiingereza zenye majigambo.

Adhabu pia huweza kwenda upande wa pili. Mwimbaji wa roki wa Marekani Liz Phair alianza kwa kaseti alizojirekodia nyumbani mwaka 1991. Mwaka 2003 alipotoa albamu iliyong'arishwa kwa ajili ya redio, Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, iliipa 0.0 kati ya 10, kisha Oktoba 2021 ikaipandisha hadi 6.0 ilipopitia upya alama za albamu 19. Msanii huyo aliadhibiwa, kwa sehemu kubwa, kwa kutoka chumbani.

Kwa hiyo napendekeza mhakiki asitoe alama yoyote kwa ajili ya kifaa, kiwe kaseti au studio ya kifahari, mpaka aonyeshe kwa wimbo mahususi kitu gani kingepotea au kupatikana sauti ingesafishwa. Linalonitatiza bado ni mashairi: albamu ikija na maneno yaliyochapishwa, lakini masikioni hayashikiki kabisa, je, mhakiki ayahesabu kuwa sehemu ya kazi, au ahukumu kile tu anachokisikia? Mimi naegemea kwenye kinachosikika. Wenye hoja za kupinga, jamvi ni lenu.