Kupiga skwea (kona za nyuzi 90) na levo ya msingi kwa futi, uzi na mpira wa maji

MjenziMpya

Habari za kazi wakuu. Naanza kupima msingi wa nyumba ya mita 12 kwa 9, nje kwa nje, ukuta wa sm 15, mtaro wa sm 60. Mchoro wa mhandisi upo, ila kuuhamishia ardhini nafanya mwenyewe na msaidizi mmoja. Vifaa: futi ya chuma ya mita 30, uzi wa nailoni, timazi (uzi wenye uzito wa kuning'inia), pimamaji ya sm 60, msumeno, nyundo na misumari. Mashine ya levo sina.

Vigingi vinne vya muda vimeshasimama. Pande zote nne zinasoma vizuri, 12.000 na 9.000, lakini kona kwa kona moja inasoma 15.016 na nyingine 14.984. Sasa:

1. Narekebishaje bila kuanza upya?
2. Kiwanja kinashuka kama sm 40 kutoka mwanzo hadi mwisho wa ule upande wa mita 12. Pimamaji juu ya ubao mrefu inatosha kupata levo?
3. Profaili (zile mbao za kufungia nyuzi za kupimia, nje ya mtaro) zikae umbali gani na mtaro?

KonaTisini

Usianze upya mkuu, hesabu ni nyepesi. Kona kwa kona ya 12 kwa 9 inatakiwa kuwa 15.000 kamili. Zako zinapishana mm 32, na kwa kuwa pande ziko sawa, umbo lako limelala upande kama kiberiti kilichosukumwa.

Chagua upande mmoja wa mita 12 uwe nanga, vigingi vyake viwili usiviguse tena. Vile viwili vya upande wa pili vihamishe vyote kwa pamoja, kufuata urefu wa mita 12. Kiasi cha kuhamisha = tofauti × kona kwa kona ÷ (2 × upande unaoufuata). Yaani 32 × 15 ÷ 24 = mm 20. Uelekeo ni ule unaofupisha kona ndefu. Kisha pima tena zote sita: pande nne na kona mbili. Kwenye msingi wa ukubwa huu tofauti ikibaki mm 5 au chini ya hapo, songa mbele.

Usihamishe kigingi kwa kukigonga pembeni, kinalegea. Kigingi kiwe na kichwa kipana, msumari ndio uhame juu yake.

Kwa wengine watakaosoma: ile 3-4-5 (pembetatu ya pande 3, 4 na 5, inayotoa kona ya nyuzi 90) inafanya kazi, ila wengi wanaipiga kwa sm 60, 80 na 100 halafu wanarefusha uzi mpaka mita 9. Ukikosea mm 2 kwenye ile sm 100, mwisho wa mita 9 umetoka nje karibu sm 4. Piga 6-8-10 kwa mita, na kosa lilelile la mm 2 linakupa mm 4 tu. Pembetatu iwe kubwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu.

Karai_na_Mwiko

Naongezea kwa KonaTisini. Kuna watu wanapima kona kwa kona peke yake, zikilingana wanafurahi. Kona kwa kona zinaweza kulingana huku upande mmoja una 12.00 na wa pili 11.94, mradi upungufu umegawanyika sawa pande zote mbili. Kwa hiyo pande kwanza, kona baadaye, na ukigusa kimoja unarudia vyote.

Futi nayo ina visa vyake. Ile ndoano ya mwanzo huwa inacheza na kwa wengine imepinda. Anza kusoma kwenye alama ya mita 1, kisha toa mita 1 kwenye jibu. Na umwambie msaidizi kwa sauti kwamba "nimeanza kwenye moja", maana hapo ndipo mita nzima hupotea. Futi ya kitambaa inavutika, usiitumie kwa kona kwa kona. Ya chuma nayo ikiachwa hewani mita 15 inabembea katikati na kukusomea zaidi ya umbali halisi, kwa hiyo mvutaji awe yuleyule na nguvu ileile kwenye vipimo vyote viwili.

Kubwa kuliko yote kwako ni mteremko. Vipimo vya ramani ni vya mlalo, si vya kufuata ardhi. Kushuka sm 40 ndani ya mita 12 kunakula kama mm 7 tu, unaweza hata usione. Lakini kiwanja kinachoshuka mita 1.2 kwa urefu huohuo kinakula sm 6. Dawa: upande wa chini inua futi mpaka iwe levo, teremsha timazi kutoka kwenye alama hadi kichwa cha kigingi. Mteremko ukiwa mkali pima kwa ngazi za mita 3 au 4 badala ya kuvuta zote mara moja.

LevoYaMpira

Swali la pili. Ubao na pimamaji hapana, si kwa umbali huo. Pimamaji ya sm 60 yenye kosa la mm 1, ambalo jicho halilioni kwenye kiputo, ukiirefusha mita 12 inakuwa sm 2. Kwanza ijaribu yenyewe: iweke juu ya ubao, soma kiputo, igeuze kichwa kuwa mkia palepale. Kiputo kisipokaa pale pale, hiyo ni ya kusawazishia tofali moja moja, tena kwa tahadhari.

Nunua mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, tundu la mm 8 hadi 10, urefu wa mita 20 ili ufike kona kwa kona bila kuvutwa. Mwembamba zaidi ya hapo maji yanakuwa mazito kutulia. Yanaingia maji kama lita moja hadi moja na nusu.

Kujaza: weka ndoo mahali pa juu, tumbukiza ncha moja, vuta kwa mdomo ncha ya pili mpaka maji yatiririke, uache yatiririke kidogo. Usijaze kwa kumimina wala kwa bomba, unaingiza viputo. Kisha nyoosha mpira wote chini uukague hatua kwa hatua. Kiputo kimoja kirefu katikati kinatosha kukudanganya sentimita kadhaa, nawe usijue. Rangi kidogo kwenye maji inasaidia kusoma.

Kabla ya kazi, shika ncha zote mbili pamoja. Maji yasipokuwa usawa mmoja, kuna kiputo, kuna mkunjo, au kuna kidole kimeziba. Rudia jaribio hili kila ukimaliza kona mbili.

Sasa kosa linalowapata wengi: wanachora alama kwenye mpira, wanasimama nayo, wanasubiri maji yaifikie. Ukishusha ncha moja, maji yanahama kwenye ncha zote mbili, kwa hiyo alama ya kwenye mpira haina maana. Alama ya kudumu iko kwenye kigingi mama, yaani kile kimoja mnachoanzia vipimo vyote. Msaidizi anapandisha au kushusha mpira wake taratibu mpaka maji yaguse alama ile, anasema "tayari", na wewe unachora yalipo maji upande wako. Someni wote chini ya ule mbonyeo wa maji, si kwenye kingo zinazopanda ukutani mwa mpira. Mkiwa mnatembea ncha zizibwe kwa kidole gumba, mkifika zote mbili zifunguliwe. Zote mbili.

Fanyeni asubuhi. Nusu ya mpira ikiwa juani na nusu kivulini, maji ya moto yanasimama juu kidogo na unapoteza milimita bila sababu.

Na kona zote zipimwe kutoka kigingi mama kimoja. Ukienda A mpaka B, B mpaka C, C mpaka D, makosa yanajumlishana. Ukimaliza, pima D moja kwa moja na B kama uhakiki.

Karai_na_Mwiko

Profaili: ziwe mita 1 hadi 1.5 kutoka ukingo wa mtaro. Karibu zaidi zinaporomoka pamoja na udongo au zinafukiwa na kifusi. Mbali zaidi uzi unalegea katikati. Kila kona inataka mbili, moja kwa kila uelekeo, ubao wa mita 1 hivi juu ya vigingi viwili vilivyozama vizuri. Ukuta wa ndani nao unataka yake kila mwisho.

Vichwa vya profaili zote viwe levo moja, ndiyo kazi ya ule mpira. Upande wako wa chini vitakuwa virefu zaidi kwa sm 40, viwekee mbao za mshazari za kushikilia. Faida yake ni kwamba uzi unakuwa kipimo cha mraba na cha kimo kwa pamoja.

Juu ya ubao weka alama nne: nyuso mbili za ukuta na kingo mbili za mtaro. Kwa ukuta wa sm 15 katikati ya mtaro wa sm 60, ukingo wa mtaro uko sm 22.5 kutoka kila uso wa ukuta. Tumia chale za msumeno, si misumari. Msumari ukipigwa na toroli unapinda na unaurudisha kwa kukisia, ila chale haihami. Na andika kwa kalamu ipi ni ipi, maana baada ya wiki moja utafunga uzi wa mtaro ukidhani ni wa ukuta.

KonaTisini

Kina cha mtaro: kata fito iliyonyooka yenye urefu kutoka levo ya uzi hadi juu ya zege. Kwa mfano zege likiwa mita 1.2 chini ya uzi, fito ni mita 1.2 na kwa chini ya mtaro unaongeza unene wa zege, sm 20, unapata 1.4. Unatembea nayo mtaroni ukiigusisha na uzi, hakuna kubishana na mchimbaji.

Kwa sm 40 zako una njia mbili. Moja, mtaro wote levo moja, unachimba zaidi upande wa juu. Nyingine, ngazi mbili za sm 20. Ngazi isizidi unene wa zege, na zege la juu lilale juu ya la chini angalau mara mbili ya kimo cha ngazi, hapo sm 40, na lisipungue sm 30 kwa vyovyote. Kimo cha ngazi kilingane na kozi nzima, yaani tofali pamoja na mota yake. Kisipolingana utakata tofali msingi mzima. Mimi kwa sm 40 ningechimba levo moja. Udongo wa ziada ni mchache kuliko usumbufu wa kufunga mbao za ngazi. Ila mchoro wa mhandisi ndio wenye neno la mwisho kwenye kina.

MjenziMpya

Asanteni sana. Nimehamisha misumari mm 20, sasa nasoma 15.001 na 14.999. Mawili ya mwisho: levo ya juu ya zege naishikaje wakati wa kumwaga, na nyuzi nizitoe wakati wa kuchimba?

LevoYaMpira

Safi. Piga vipande vya nondo katikati ya mtaro kila mita 1.5, vichwa vyake vikiwa kwenye kimo cha juu ya zege kwa ile fito. Unamwaga mpaka vichwa vifunikwe kidogo, unasawazisha kwa ubao kutoka kimoja hadi kingine. Vichomoe kabla zege halijashika na ujaze matundu. Vigingi vya mbao usitumie, ukivisahau vinaoza na kuacha mashimo.

Karai_na_Mwiko

Nyuzi zitoe, chale zinabaki. Ila kabla ya kuchimba mwaga chokaa au jivu chini ya nyuzi za mtaro, ndipo uzifungue. Udongo utupwe upande mmoja, sm 60 kutoka ukingoni, na uache njia ya toroli isiyopita karibu na profaili.

Zege likishakauka, funga nyuzi za ukuta upya na upime kona kwa kona tena kabla ya tofali la kwanza, hata kama una uhakika. Teremsha timazi pale nyuzi mbili zinapokutana, paka mota nyembamba chini yake na uchore kona kwa ncha ya mwiko. Alama ya kalamu juu ya zege itafutika ukianza kumwagilia maji.