Mbali na Waarabu na Wahindi, nani walihamia Tanzania?

Swali: Ndugu zangu, naomba kueleweshwa: ni wageni gani wengine walihamia kwetu wakabaki?

Jibu: Ndugu, usiwasahau Wangoni, ambao walikimbia vita vya kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835 na kufika Ufipa miaka ya 1840, leo wengi wako Songea.

Jibu: Naongezea Warundi waliokimbia mauaji kwao mwaka 1972, waliofyeka msitu na kulima katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa miongo minne kabla ya zaidi ya 160,000 kupewa uraia. Subira yao yastahili heshima.

Jibu: Wapolandi wa Tengeru, karibu na Arusha, takriban 5,000, waliotoka Siberia kupitia Uajemi wakati wa Vita Kuu ya Pili, karibu wote waliondoka. Hata hivyo makaburi yao yenye misalaba yangalipo, nami nilisimama pale kwa huzuni.